Chatu mdogo anakuja Jumamosi, Arusha hii ya baridi: kabati liko tayari, mimi bado

Njiro_Kwetu

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi napokea chatu mdogo, Python regius, yule wa Afrika Magharibi na ya Kati anayejikunja kama mpira akiogopa. Dume, miezi 5, gramu 190, amezaliwa kwa mfugaji, vibali vyote viko mkononi. Ndiye nyoka wangu wa kwanza.

Kabati ni la plaiwudi, sm 120 kwa 60 kwa 60, vioo vya kuteleza mbele. Ndani kuna maranda ya saipresi kutoka kwa seremala, taa nyekundu ya vifaranga ya wati 150 katikati, bakuli la maji na kibuyu kilichokatwa cha kujifichia. Taa ikiwaka, chini yake kipimajoto kinasoma 38. Nikiizima usiku, alfajiri nakuta 17.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Joto nilidhibiti vipi na Julai hii? Nimlishe nini, maana panya wa kugandishwa sijaona wanapouzwa? Na la tatu nalisema wazi: namwogopa. Nimshikeje asiniume, na nisimwangushe?

---

Fundi_Totoleshi

Karibu mkuu. Naanza na joto, kwa kuwa hayo maswali mengine mawili yamelikalia. Nyoka anategemea joto la mahali alipo. Kwenye nyuzi 17 tumbo lake linasimama. Panya aliyemmeza anaanza kuoza kabla hajayeyushwa, na baada ya siku mbili tatu anamtapika. Kwenye 38 bila pa kukimbilia, anaweza kufa mchana mmoja.

Unatafuta hivi: upande mmoja wa kabati uwe 31 hadi 32, upande wa pili 25 hadi 27, na usiku popote pasishuke chini ya 24. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitoa taa katikati. Joto likikaa katikati, nyoka hana upande wa kukimbilia.

Hiyo taa nyekundu iache kwa vifaranga. Inawaka usiku kucha, na chatu anahitaji saa 12 za giza. Tafuta balbu ya seramiki isiyotoa mwanga, wati 100, ifungwe kwenye dari ya kabati upande mmoja. Soketi iwe ya porsileni, kwa sababu ya plastiki huyeyuka taratibu bila wewe kuona mpaka unaposikia harufu. Izungushie kizimba cha wavu wa chuma. Wavu wa nusu inchi unapitisha kichwa cha nyoka wa gramu 190, chukua wa robo inchi. Chatu hupanda usiku, na akiikuta balbu hujizungushia hapohapo na kuungua bila kujitoa, maana ngozi yake haimwonyi mapema kama yako. Mkeka wa joto chini ya plaiwudi usihangaike nao, mbao inazuia joto.

Sasa kidhibiti. Kwenye maduka ya vifaa vya mashine za kutotolea mayai omba thermostati (kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe) ya aina ya STC-1000, ya volti 220. Fundi umeme aiunganishe upande wa kupasha joto. Kwenye F1, joto unalotaka, weka 31; F2, tofauti ya kuwasha na kuzima, weka 0.5. Kabla ya kuifunga, tumbukiza sensa, ule waya wake wa kupimia joto, kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri dakika 5: inatakiwa isome 0. Ikisoma 1.5, rekebisha kwa F4, sehemu ya kusahihisha kipimo. Wengi wanaruka hatua hii kisha wanashangaa nyoka hali chakula.

Sensa ifunge kwa klipu ukutani upande wa joto, sm 5 juu ya sakafu. Isiwe inaning'inia. Nyoka akiivuta hadi upande wa baridi, thermostati itadhani kabati zima ni baridi na haitazima tena. Tena rilei (swichi za ndani) za vifaa hivi huweza kuganda zikiwa zimefunga, umeme ukapita moja kwa moja. Nunua thermostati mbili, ya pili uiweke mfululizo na ya kwanza, umeme upitie zote mbili, na yenyewe uiwekee 35. Siku ile thermostati ya kwanza ikiganda, ya pili inakata.

Umeme ukikatika: kabati lifunike blanketi, acha matundu ya hewa wazi. Jaza chupa mbili za lita 1.5 maji ya moto unayoweza kuyashika bila kuungua, zifunge taulo, weka upande wa joto, badilisha kila baada ya saa mbili au tatu. Ukiwa na inveta na betri ya 12V ya Ah 100, usiifyonze zaidi ya nusu. Itabeba balbu ya wati 100 kwa saa 5 hivi. Jiko la mkaa usiliingize chumba hicho kabisa, hata kwa nusu saa. Moshi wake usioonekana unamuua yeye, na wewe ukiwa umelala humo pia.

Jaribu kabati siku 3 mfululizo kabla hajafika. Andika joto la alfajiri na la saa 8 mchana, pande zote mbili.

---

GambaLaini_Moshi

Fundi kamaliza habari ya joto. Mimi niko huku Moshi, ambako tatizo ni kinyume: Januari hadi Machi chumba chini ya bati mchana kinaweza kupita 35 bila balbu kuwaka. Wa Moshi wanaosoma, kabati likae chumba chenye dari, mbali na dirisha linalopigwa jua la mchana.

Dada au kaka wa Njiro, hayo maranda yatoe leo. Saipresi na paina yana mafuta yenye harufu, ndiyo hiyo inayonukia kwa seremala, na kwenye kabati lililofungwa hukereketa mapafu ya nyoka. Weka karatasi za gazeti kwa mwezi wa kwanza. Zinakuonyesha kinyesi, damu, utitiri, kila kitu. Baadaye tumia kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) ya vitalu vya miche, ile isiyotiwa mbolea, uioshe mara mbili kuondoa chumvi, uikamue mpaka ukiifinya isidondoshe maji. Unyevu wa hewa uwe asilimia 60 hadi 70, na akikaribia kujivua gamba upandishe hadi 80.

Kibuyu kimoja hakitoshi. Weka maficho mawili yanayofanana, moja kila upande, madogo kiasi kwamba akijikunja mgongo unagusa kuta. Akiwa na ficho moja tu upande wa baridi, atachagua usalama aache joto, na hapo tumeshafika kwenye kutapika. Na kabati lako ni kubwa kwa gramu 190. Jaza matawi na majani ya plastiki, au ziba theluthi kwa kipande cha plaiwudi. Chatu mdogo kwenye uwanja mtupu hali chakula.

Chakula: panya weupe wa kufugwa. Kwa uzito wake mlo ni asilimia 10 hadi 15, yaani gramu 19 hadi 28, panya mweupe mmoja wa aina ndogo, aliyekomaa, kila siku 7. Kwa macho, panya asizidi unene wa sehemu nene ya mwili wake, au azidi kidogo tu. Kama hupati wa kununua, fuga: dume mmoja na majike 3 kwenye beseni lenye mfuniko wa wavu, mimba siku 19 hadi 21. Waliokua wauawe haraka bila mateso, wagandishwe kwenye friza.

Kuyeyusha: kutoka friza kwenda friji usiku mzima, kisha kwenye mfuko wa plastiki ndani ya maji ya moto dakika 15 mpaka kichwa cha panya kifike 38 au 40. Mfinye tumbo, ukihisi kibonge cha barafu, rudisha. Maikrowevu inampasua. Mpe kwa koleo refu, lile la kugeuzia nyama choma linafaa, ukimshika panya kiunoni, sm 10 mbele ya ficho, jioni taa zimezimwa.

---

Mdau_Sakina

Kuna wanaowapa vifaranga vya majogoo kutoka kwa watotoleshaji, ni bei rahisi na wanapatikana kila wiki. Kwa nini asianze navyo? Au panya wa nyumbani, wamejaa stoo?

---

GambaLaini_Moshi

Kifaranga si sumu, lakini Python regius akizoea kuku anaweza kumkataa panya kwa miezi, na kinyesi chake kinakuwa maji na harufu kali. Kwa chatu wakubwa wa porini wetu ni jambo jingine, hao hula ndege kwa wingi. Huyu mwanzishe na panya.

Panya wa stoo hapana kabisa. Anaweza kuwa amekula sumu siku mbili zilizopita na bado anakimbia. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, zikamfikia nyoka ndani ya chakula. Na panya hai usimwache na nyoka kabatini. Nyoka asipokuwa na njaa, panya ndiye anayeanza kumtafuna yeye, mgongoni hadi mfupa.

---

Bibi_Magamba

Mwanangu wa Njiro, hofu yako ni ya kawaida na haina aibu. Nijibu hilo la mikono.

Siku 7 za kwanza usimguse. Badilisha maji, funga kioo, ondoka. Mguse baada ya kula milo miwili bila shida, na kila akishakula subiri saa 48 kamili.

Kabla ya kumshika, nawa mikono kwa sabuni isiyonukia sana. Kuumwa kwingi kwa wanaoanza hutokea mkono ukiwa na harufu ya panya, au kuku wa mchana. Fungua ficho, mguse katikati ya mwili kwa karatasi ya choo iliyokunjwa au ndoano, mara mbili, ili ajue si chakula. Kisha ingiza mkono kutoka ubavuni, usitokee juu kama kipanga. Mnyanyue kwa theluthi ya katikati ya mwili, mkono wa pili uwe chini ya mkia. Usimshike shingo. Kaa sakafuni juu ya mkeka, ndipo hofu ya kumwangusha inapoisha, maana hana pa kuangukia. Dakika 5 mara mbili kwa wiki zinatosha mwezi wa kwanza.

Jifunze kumsoma. Ulimi unatoka polepole na mwili unateleza bila haraka: ametulia. Amejikunja duara na kuficha kichwa: ameogopa, mrudishe. Shingo imekunjwa kama herufi S na kichwa kimekutazama: rudisha mkono wako taratibu, jaribu kesho. Macho yakigeuka ya maziwamaziwa anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri, mwache mpaka amalize.

Akikuuma, meno yake yamepinda kwenda nyuma. Ukivuta mkono unachana ngozi yako na kuyavunja yake. Tulia, ataachia mara nyingi mwenyewe. Asipoachia, mmwagie maji ya baridi kichwani. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, paka dawa ya vidonda, na ukijua chanjo ya pepopunda umepitwa, nenda zahanati. Sumu hana. Mikono ioshwe kila baada ya kumshika hata asipouma, kwa sababu ya salmonela, na bakuli lake lisioshewe kwenye sinki la vyombo. Watoto chini ya miaka 5 wasimshike.

Kwa wengine wanaopita hapa: usiokote chatu shambani ukaja kuomba ushauri kama huu. Chatu wa porini wetu hufika mita 4 na zaidi, na kumkamata au kumfuga bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ukimkuta, ita TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Anayetaka kumwona mkubwa aende kwenye bustani ya nyoka ya Meserani, barabara ya Makuyuni, ajionee mwenyewe.

---

Njiro_Kwetu

Asanteni sana wakuu, na shikamoo Bibi. Mrejesho: thermostati zote mbili zimefungwa. Sensa moja ilisoma 1.8 kwenye barafu, nimeirekebisha. Alfajiri sasa ni 30.6 na 24.5. Maficho mawili, magazeti, unyevu 64. Amefika salama, leo siku ya 8. Jana jioni nilimpa panya wa gramu 22, alimnusa, akarudi ndani. Panya nimemtoa asubuhi na kumtupa. Nijaribu tena leo?

---

GambaLaini_Moshi

Usijaribu leo. Kumsumbua kila siku kunamfundisha kwamba koleo ni adui. Rudi baada ya siku 7, na tangu mchana wa siku hiyo funika kioo kwa kanga ili asione watu wakipita. Panya akiwa tayari, mkaushe manyoya vizuri, mchovye kichwa tu tena kwenye maji ya moto dakika moja, mkaushe, kisha mpe. Chatu ana vishimo kwenye midomo ya juu vinavyohisi joto. Kichwa cha panya kikiwa vuguvugu tu, kwake hicho si kitu hai. Akikataa tena, mwache panya mlangoni pa ficho usiku kucha, uzime taa ya chumba.

Mpime kila Jumapili kwa mizani ya jikoni, ndani ya bakuli lenye mfuniko, uandike. Kukataa wiki tatu nne kwa dume aliyehamishwa si ugonjwa kama uzito umesimama. Akishuka chini ya gramu 171, au ukisikia anakoroma, ukiona mapovu mdomoni au anainua kichwa juu akipumua kwa mdomo wazi, usingoje Jumapili, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo ndani ya boksi lenye chupa ya maji ya uvuguvugu.