Naomba ushauri: "camp" ya kwenye fasheni nalielezaje kwa Kiswahili?

Wakuu habari zenu, naandika makala ya fasheni kuhusu ile Met Gala (hafla kubwa ya fasheni ya kila mwaka) ya 2019 kule New York ambayo mada yake ilikuwa camp, sasa nimekwama hapo hapo. Sio kambi ya kulala porini jamani, ni sifa ya kitu kilichotiwa madoido mpaka yakapitiliza, maigizo ya makusudi kabisa, Lady Gaga siku ile alionyesha mavazi manne palepale kwenye zulia la pinki (sijui alipumua saa ngapi). Mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliliandikia neno hili insha 1964, na wapo wanaolivuta hadi Kifaransa, se camper, yaani kujisimamisha kwa mapozi. Nikiandika "mbwembwe" inatosha au ile kejeli iliyomo kwenye camp inapotea? Wataalamu wa lugha nisaidieni, mhariri anaitaka ijumaa.