Mama mkwe anaingiza jiko la mkaa chumbani usiku na anamlambisha asali mtoto wa miezi 7. Nimwambieje bila kuvunja nyumba?

Mke wa Dereva

Habari za jioni wadau. Naomba mawazo yenu, na mwenye povu alimwage kwenye uzi mwingine, mimi hapa nina usingizi wa siku tatu.

Naishi Mafinga. Mume wangu anaendesha lori la mbao, kwa mwezi namuona siku mbili tatu. Nina watoto wawili, mmoja miaka mitatu, mwingine miezi saba. Mwezi wa tano mama mkwe alikuja kunisaidia kulea ili nirudi gengeni kwangu. Na kusema kweli ananisaidia. Tangu aje mkubwa hajaharisha hata siku moja, maana maji ya kunywa anachemsha mwenyewe, na akikuona unachovya kikombe ulichonywea kwenye ndoo utajuta. Mchicha na figiri za nyuma ya nyumba ni mkono wake. Kwa hiyo sijaja kumsema vibaya.

Shida ni baridi. Anayeijua Mafinga ya mwezi wa saba ananielewa. Kila jioni mama anawasha jiko la mkaa nje, anapepea mpaka mkaa wote uwe mwekundu na moshi uishe, halafu analiingiza chumbani anakolala na mjukuu mkubwa. Anafunga dirisha, anaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga, pembeni anaweka sufuria ya maji. Anasema maji yanavuta sumu.

Ijumaa nilihamia humo na kichanga kwa sababu chumba chetu bati linavuja. Saa tisa usiku nikasikia kichanga analia, ila kilio kilikuwa kama kinatoka kwa jirani. Kichwa kinatwanga. Nikasimama, magoti yakakataa, nikajikuta nimekaa sakafuni. Mkubwa alikuwa ametapika juu ya mto na hakuamka. Nikatambaa hadi mlangoni, nikaivuta ile kanga, nikafungua, nikaanza kuburuta mmoja mmoja. Mama naye alikuwa anayumba. Tulikaa barazani na mablanketi mpaka kukapambazuka, vichwa vikatulia. Mama akasema ni upepo mbaya umepita. Baadaye akasema ni yale maharage.

La pili ni kikohozi cha mdogo. Anamlambisha asali iliyochanganywa na maji ya kitunguu, na leo amechuma majani ya mkaratusi anataka tumfukize chini ya blanketi kama tulivyojifukiza wote 2020. Anasema mitishamba haina kemikali, za dukani ndizo zinaharibu watoto. Mimi mwenyewe dawa za asili naziamini, nimekuzwa kwa mwarobaini. Ila sijui mpaka uko wapi. Na huyu ni mama wa mume wangu, siwezi kumwambia "acha". Nifanyeje?

Kigoda cha Mbele

Nimekaa hapa nasubiri wataalamu. Ila dada, huo usiku umenitisha.

Nesi wa Zamu

Pole sana mdogo wangu. Naanza na jiko kwa sababu hilo halisubiri mume arudi safari.

Huo haukuwa upepo mbaya wala maharage. Mkaa ukiungua ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Watu wakiona moshi umeisha wanadhani hatari imeisha nao, kumbe mkaa mwekundu mtupu unaendelea kuitoa mpaka unapozimika. Ndani ya damu inang'ang'ania mahali pa kubebea oksijeni, na inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ndiyo maana magoti yalikataa kabla akili haijajua kuna nini. Kuna familia ambazo hakuna mtoto aliyelia. Na ile sufuria ya maji haivuti chochote, mwagilieni mchicha.

Ikitokea tena, kwako au kwa jirani, usianze kuhangaika na jiko. Toa watu nje, acha milango wazi, nendeni hospitali yenye oksijeni hata kama vichwa vimetulia, hasa kukiwa na mtoto au mjamzito. Mkifika semeni wazi kwamba mlilala na jiko. Kile kidude cha kubana kidoleni kinaweza kusoma namba nzuri kabisa wakati damu imejaa hewa hiyo, hakijui kuitofautisha na oksijeni. Huyo aliyetapika bila kuamka mpeleke akaonwe kesho asubuhi, usiseme yameshapita.

Asali. Chini ya mwaka mmoja hapana. Hata ya kulamba, hata ya nyuki wadogo, hata ukiichemsha. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu, ila kwa kichanga zinaota humo humo tumboni na kutoa sumu inayolegeza misuli. Dalili zinaanza kimya kimya: choo kinakuwa kigumu siku kadhaa, ananyonya kwa unyonge, kilio kinafifia, shingo inalegea. Ukiona hivyo, hospitali. Mkubwa wa miaka mitatu akikohoa, kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala hakina neno, hapo mama mkwe yuko sawa na unaweza kumwambia hivyo.

Kichanga mnyonyeshe mara nyingi zaidi ya kawaida. Akiwa ametulia, fungua nguo uone kifua, hesabu pumzi dakika nzima kwa kuangalia saa. Kwa umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 na kuendelea ni nyingi mno. Hiyo, au sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani anapovuta hewa, au kukataa ziwa, au degedege: hata iwe saa nane usiku, tafuta usafiri.

Baba Wawili

Acha niweke na langu, mtanicheka mkimaliza kusoma. Mwanangu alikuwa na mwaka na nusu. Nilikuwa uani nasafisha mnyororo wa baiskeli kwa mafuta ya taa, nimeyatia kwenye chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita. Nikageuka kuchukua spana. Nilichosikia ni kukohoa.

Jirani mmoja akaja mbio na maziwa. Mwingine akasema mtie kidole atapike. Tukafanya yote mawili, tena kwa bidii. Hospitali daktari alinikaripia mpaka nikatamani kujificha chini ya kitanda cha wagonjwa. Akaniambia mafuta ya taa hayaui sana kwa tumbo, yanaua kwa mapafu. Mtoto akitapika yanapita kooni mara ya pili, na tone likikosea njia limeingia kifuani. Akalazwa siku tano na nimonia. Kila nikiiona chupa ya aina ile tumbo linanikata.

Nesi wa Zamu

Baba Wawili, wa kukucheka hayupo. Maziwa nayo yanaweza kumfanya atapike, kwa hiyo hapana. Mvue nguo zilizolowa, mnawishe, nenda naye na chupa yenyewe waione. Akicheka na kucheza bado nenda, kifua kinaweza kubadilika baada ya saa kadhaa.

Fundi Bati

Mbona hakuna anayeuliza kuhusu bati? Zibeni hilo bati mrudi chumbani kwenu.

Mzee wa Mizizi

Nauza dawa za asili miaka mingi, na nilifungua uzi huu nikijua nakuja kugombana. Sigombani. Ila na mimi niseme.

Anayekuambia mti hauna kemikali hajakaa na miti. Mnyonyo unaota nyuma ya choo bila kupandwa, mafuta yake watu wanapaka nywele, na mbegu zake zikitafunwa zinaua. Mwarobaini wako, dada, ni mti wangu nambari moja, lakini mafuta ya mwarobaini simpi mtu ampe kichanga kunywa, yamewahi kuleta degedege na kuua. Malaria nayo namwambia mteja akapime kwanza. Ikionekana ipo, dawa mseto mpaka kidonge cha mwisho, halafu aje kwangu tuongee habari za hamu ya kula. Wenzangu wengine hawapendi nikisema hivi.

Fukizo la mkaratusi kwa mtu mzima aliyebanwa mafua, sawa. Kwa mtoto, fikiria picha yenyewe: sufuria ya maji yanayotokota, blanketi juu, giza ndani, na kiumbe kinachorusha miguu. Ile 2020 nilimwona wa jirani yangu, paja lote. Wakampaka dawa ya meno juu ya kidonda, ngozi ikaondoka na dawa. Mtoto akiungua ni maji safi ya baridi ya kawaida, yamiminike dakika ishirini, si barafu, si yai, si unga wa ngano. Halafu kitambaa safi na hospitali. Na mafuta ya mkaratusi ya kichupa yakae juu kabatini, mtoto akiyanywa hata kidogo anaweza kuanguka degedege.

Bint Kisauni

Huku Mombasa baridi hatuna lakini wanja tunao. Mwanangu alipotimiza siku arubaini nyanyake alishamchora nyusi na macho kwa wanja wa jiwe, wa zamani, ametoka nao kwao. Kwenye kliniki nikaambiwa wanja wa namna hiyo mara nyingi una madini ya risasi, mtoto hujipangusa macho kisha akalamba vidole, na risasi humharibu ubongo polepole wala huoni kitu. Nilichofanya, sikumkataza nyanya. Nilimwambia daktari wa macho amekataza. Daktari wa macho wala hatukumuona, Mungu anisamehe.

Shangazi wa Njombe

Kamwene dada. Wamekujibu vizuri habari za sumu, lakini swali lako lilikuwa la mama mkwe.

Kwanza usimpigie mumeo simu aongee na mama yake. Mama atasikia sauti yako ndani ya sauti ya mwanawe, na hapo umeshitaki. Kadi ya kliniki ya mdogo inasema tarehe gani? Nenda naye. Kadi abebe yeye, mtoto apakate yeye. Mkifika kwa nesi wewe jifanye una haraka na choo, muache aulizwe yeye mtoto anakula nini na mnalalaje. Mtu mzima anakubali kuelekezwa na mwenye sare nyeupe kuliko na aliyeolewa na mwanawe.

Pili, huyo mama hawashi jiko kwa ubishi. Anatetemeka. Sisi wa huku tunajua mfupa wa mzee mwezi wa saba unavyouma. Ukiondoa jiko bila kuleta blanketi la pili, kesho kutwa jiko limerudi na safari hii atalificha. Nunua blanketi zito hata la mtumba. Baridi nyingi inatoka chini, kwa hiyo tandikeni maboksi yaliyokunjuliwa chini ya godoro, halafu mkeka. Watoto waogeshwe saa tisa alasiri jua likiwapo, si usiku. Jioni kaeni wote jikoni muote moto mlango ukiwa wazi, mkienda kulala mkaa unabaki nje, mbali na mlango na kuni, mpaka uwe majivu. Akitaka kuota moto usiku atoke barazani, umsindikize.

Na zile sifa ulizomwandikia hapo juu, za maji na mchicha, umeshamwambia yeye? Au umetuambia sisi tu?

Mke wa Dereva

Mrejesho wadau, samahani nimekaa siku tisa.

Mkubwa nilimpeleka Jumatatu, wamemchunguza, yuko vizuri, wamesema nimrudishe nikiona analegea au anasahau sahau. Bati limezibwa, Fundi asante, nilikuwa nalilalamikia tangu Pasaka na kumbe ni kazi ya nusu saa.

Kliniki tulikwenda na mama. Nesi akamuuliza, "Bibi, huyu anakula nini zaidi ya ziwa?" Akataja uji, akataja boga, akataja asali kwa fahari kabisa. Nesi hakumfokea. Alimvuta pembeni akamweleza taratibu, kisha akamuuliza habari za kulala. Sikusikia waliyoongea, nilikuwa "nimekwenda chooni". Njiani kurudi mama alinyamaza mpaka tulipofika kwenye kona ya soko, akaniambia, "Kwa hiyo yale maharage hayakuwa na makosa." Nikashindwa kujibu kwa kucheka. Usiku ule nikampa blanketi, na ile habari ya maji na mchicha nikamwambia. Akasema nisimpambe.

Asali imehamia kwa mkubwa peke yake. Kikohozi cha mdogo kimepungua, pumzi nilihesabu siku nne mfululizo, haikuzidi 38.

Sasa kuna jipya. Jiko halilali tena chumbani, linalala bandani. Mama ana vifaranga ishirini na sita wa wiki mbili, ameliweka katikati yao na kuzungushia tofali, na banda amelifunika turubai pande zote hadi juu. Nimemuuliza, akasema nesi alikataza watu. Je, vifaranga nao wanadhurika, au nimuache na kuku wake?

Mzee wa Mizizi

Wanadhurika, tena haraka, kwa kuwa miili ni midogo. Jiko liwashwe nje kwanza kama alivyozoea. Turubai alikunje upande wa juu, uwazi wa shubiri moja kuzunguka banda lote, chini abaki amefunika upepo usiwapige. Asubuhi awahesabu. Na mkubwa wako asiende kuwachungulia usiku.