Mtoto koo limevimba siku ya tatu, nimpeleke hospitali au nisubiri?

Mama Nasri
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Mwanangu ana miaka 7, tangu juzi usiku analia koo, jana homa ikafika 38.9 nikampa panadol ikashuka, alfajiri ikarudi tena. Hana mafua wala kikohozi. Leo nimemmulika na tochi ya simu nikaona tonsesi zote mbili nyekundu zimevimba zina vidoa vyeupe kama punje za wali, na chini ya taya kuna tezi nikigusa tu anaruka. Uji anakunywa, mate anameza ila anakunja uso. Mama mkwe anasema ni kimeo kimeshuka na kuna mzee hapa mtaani anakata, kesho asubuhi tumpeleke, mimi roho haitaki kabisa. Duka la dawa nao wanataka kuniuzia antibayotiki za siku tatu. Hapa ni pa kwenda hospitali au nisubiri?

bintiMoro
Shoga usikubali mtoto akatwe, nakuomba. Nimeona mtoto wa jirani alivyotoka damu.

nesi_wa_zamu
Pole mama Nasri. Mimi ni nesi, makoo nayaona kila siku. Kimeo chake hakina kosa, koo likivimba na chenyewe kinavimba kinaning'inia mpaka kinagusa ulimi ndo maana watu wanakisingizia, ugonjwa ukiisha kinarudi. Ukikikata ugonjwa unabaki palepale alafu unaongeza damu kutoka na hatari ya pepopunda.

Sasa koo lenyewe. Makoo mengi ni virusi, yanakuja na mafua, kikohozi, sauti kukauka, yanaisha ndani ya wiki kwa maji ya chumvi, vinywaji vya uvuguvugu na dawa ya maumivu, antibayotiki haisaidii kitu. Ila wa kwako ana homa, hana kikohozi, ana vidoa na tezi zinauma, na umri wa miaka 5 mpaka 15 ndo umri wa bakteria wa koo. Huyo apelekwe kesho asubuhi, usingoje wiki iishe.

Ila usiku huu ukiona mojawapo ya haya usingoje hata asubuhi: hawezi kumeza mate udenda unamtoka, mdomo haufunguki vizuri, anaongea kama ana ubwabwa mdomoni, uvimbe uko upande mmoja umesukuma kimeo pembeni (huo mara nyingi ni usaha umejikusanya), anapumua kwa kukoroma na yuko macho, anakaa kainama mbele hataki kulala, shingo imekakamaa, au hajakojoa tangu mchana. Na kama udenda unatoka usimlazimishe kufungua mdomo na kijiko, mbebe twende. Angalia pia kadi ya kliniki kama chanjo zake zote alimaliza, maana utando wa kijivu kooni na shingo kuvimba inaweza kuwa dondakoo.

kakaJuma_TZ
Naongezea kitu kimoja kwa uchungu. Mdogo wangu alikuwa na miaka 9, koo likamuuma akapona mwenyewe tukajua yameisha. Kama wiki tatu hivi mbele goti likavimba, likapoa, kikafuata kifundo cha mguu, tukasema amecheza mpira sana. Kumbe ni mwili unajibu yale mafindofindo na umeshaanza kugusa valvu za moyo (vile vilango vinavyopitisha damu). Leo yuko sekondari, kila wiki 4 anachomwa penisilini, ngazi akipanda anahema. Hatukujua koo na moyo vinahusiana. Mama Nasri usinunue za siku tatu.

Mama Nasri
Jamani sikujua hiyo ya moyo, nimeogopa. Nimechelewa?

nesi_wa_zamu
Hujachelewa. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze bado inakinga moyo. Kikubwa daktari amuone na dozi iishe, ya vidonge ni siku 10, au sindano moja ya benzathini, ambayo ni aina ya penisilini. Waambie kama ana mzio wa penisilini.

Mama Nasri
Mrejesho. Tulienda asubuhi, mama mkwe nikaongozana naye ili asikie mwenyewe. Daktari alimuangalia koo, akamshika tezi, akasikiliza moyo, akasema kimeo kiachwe. Kapewa amoksilini siku 10. Siku ya tatu tu kaamka anadai chapati, homa hakuna, mama mkwe ananiuliza kwanini namnywesha mtoto mzima dawa. Nimebandika karatasi kwenye friji, kila akinywa anatia tiki mwenyewe. Leo ni siku ya 6.

kakaJuma_TZ
Allah amlinde. Zimebaki nne.