Lalamiko la rushwa ya ngono chuoni: lisilo na jina lipokelewe?

Mwanakwetu: Wakuu, hoja ni moja. Karatasi isiyo na jina imeingia dawati la jinsia la chuo, inamtaja mhadhiri kwamba anadai ngono ili atoe alama. Ifanyiwe kazi au itupwe? Mimi nasema ifanyiwe kazi. Si kumfukuza mtu kwa kikaratasi, hapana. Kamati ichukue matokeo ya somo lake kwa mihula minne, iangalie alama zilizobadilishwa baada ya kubandikwa, nani alibadili na nani alisaini. Hayo hayahitaji jina la mlalamikaji. Wanaosema "asiye na jina hana kesi" wanachanganya taarifa na ushahidi. Karibuni.

Mizani: Mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa, na kusikilizwa maana yake aambiwe nini, lini, wapi na kwa nani. Hati ya mashtaka ya nidhamu isiyo na tarehe wala mahali inaanguka kwenye rufaa ya kwanza, mhadhiri anarudi ofisini akiwa shujaa, na atakayelalamika kwa jina baadaye hasikilizwi tena. Halafu tusidanganyane, barua hizi huanza kumiminika matokeo yakishatoka. Mwenye CA nzuri halalamiki, yaani alama za majaribio na kazi za muhula.

Nyuki Jike: "Mwenye CA nzuri halalamiki." Rudia hiyo taratibu, kaka, tuisikie vizuri. CA anaitoa nani? Chuo kikiwa cha 40 za CA kwa 60 za UE, mtihani wa mwisho wa muhula, zile 40 zote ziko mkononi mwa mtu mmoja: majaribio, kazi ya kikundi, uwasilishaji, na hicho kinachoitwa ushiriki. UE ina namba badala ya jina na kuna mtahini wa nje anayeipitia. CA haina hata kimoja. Anayetaka kumnasa mtu hahangaiki na UE, anakalia jaribio. Karatasi "imepotea", kwenye mfumo inasomeka haijakamilika, na msichana anaambiwa "pita ofisini jioni tuone". CA mbaya ndiyo kamba yenyewe aliyofungwa nayo, wewe unaigeuza kuwa ushahidi wa uongo wake!

Chaki Nyeupe: Bibie, unaongea kana kwamba kila anayeshika chaki ni fisi. Darasa la watu 600, nani ana muda wa kutafuta karatasi ya mmoja aifiche? Na huo ushiriki ni alama 5 tu. Hakuna aliyewahi kufeli kwa alama 5.

Nyuki Jike: 37 ni supu, unarudia mtihani; 42 umepita. Piga hesabu mwenyewe, mwalimu.

Chaki Nyeupe: Aliyepata 37 alishafeli kabla ya ushiriki.

Bisibisi: Dawa ya CA inajulikana, tatizo haimezwi. Majaribio yarudishwe ndani ya wiki mbili. Orodha ya alama ibandikwe kwa namba za usajili kabla ya UE, na kila mwanafunzi asaini kwamba ameiona. Baada ya hapo badiliko lolote lipite kwa mkuu wa idara kwa fomu yenye sababu, na karatasi yenyewe iambatanishwe. Mfumo mzuri wa matokeo unatunza nani alibadili, saa ngapi, kutoka ngapi kwenda ngapi. Unapokwama ni hapa: nywila ya mhadhiri anayo msaidizi wake, na katibu muhtasari wa idara anayo. Ukimbana anasema "siyo mimi", na kweli huwezi kuthibitisha kuwa ni yeye.

Mwanakwetu: Jamani, mada ni majina, siyo CA.

Mzee wa Vifungu: Mnajadili kamati ya chuo kana kwamba ndiyo mahakama. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa haki au upendeleo. Kudai tu kunatosha, si lazima tendo lifanyike. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapigiwa 113, bure, na Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ipo tangu 2015. Kuna pia 138D ya Kanuni ya Adhabu, unyanyasaji wa kijinsia, lakini pana mtego: lalamiko likipita siku 60 tangu tukio, mashtaka hakuna. Muhula mmoja ni zaidi ya siku 100. Anayengoja aone matokeo kwanza amejifungia mlango huo.

Kijiti: Adhabu ya hicho kifungu cha 25 ni ipi, mzee?

Mzee wa Vifungu: Faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote.

Kijiti: Milioni 5! Si anakopa SACCOS ya wafanyakazi analipa kabla ya chakula cha mchana!

Pilipili Manga: Cheka, lakini kesi nyingi hata huko kwenye faini hazifiki, zinafia kwenye simu. Picha ya skrini yenye jina ulilomhifadhia wewe, "Dokta Kisirani", haithibitishi kitu. Fungua wasifu namba yake ionekane. Hamisha mazungumzo yote tangu salamu ya kwanza, usichague mistari inayokupendeza. Zima ujumbe wa kujifuta. Simu usiuze, usifomati: kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama iangalie ujumbe ulivyotunzwa. Mwombe rafiki uliyemweleza aandike siku ileile alichosikia, na tarehe. Na kama mwathirika ameingiliwa, habari za skrini ziwekwe pembeni: asioge, nguo ziingie mfuko wa karatasi maana nailoni inazivundisha, afike hospitali ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia VVU, mapema zaidi ni bora. Penye kituo cha mkono kwa mkono, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), daktari na polisi anawapata sehemu moja.

Mizani: Picha za skrini zinatengenezwa na mtoto wa darasa la saba. Na hamtaki kusema habari za anayejipeleka mwenyewe kwa mhadhiri. Huyo naye aadhibiwe.

Nyuki Jike: Nilijua tutafika huko. Mwaka 2024 pendekezo hilohilo lilipoingia kwenye muswada, watetezi wa wanawake walilipinga kwa sababu moja nyepesi: shahidi mkuu wa rushwa ya ngono ni aliyedaiwa. Mwambie kwamba akifungua mdomo naye ni mshtakiwa, uone nani atapiga hiyo 113. Fisi atamwambia "ukinitaja, tunaenda wote".

Mizani: Sijasema aliyelazimishwa. Nimesema anayejipeleka.

Nyuki Jike: Na anayeamua nani kajipeleka ni nani? Wewe na CA yako nzuri?

Bisibisi: Nirudi kwa Mwanakwetu kidogo. Kati ya jina na kutokuwa na jina kuna njia ya tatu: lalamiko linapewa namba, jina linabaki kwenye bahasha kwa mtu mmoja wa dawati, kamati inauliza maswali kupitia namba. Mtuhumiwa anapewa tarehe, mahali na maneno aliyosema. Ikifika hatua ya kuhojiana ana kwa ana ndipo mlalamikaji anaamua kama ajitokeze, na akikataa, ukaguzi wa alama unaendelea. Huyo mtu mmoja asitoke idara inayolalamikiwa. Na mlango wa dawati usitazame ofisi ya mkuu wa idara, maana hata bahasha haisaidii ukionekana umeingia.

Mwanakwetu: Sasa huo ndio mjadala. Mizani, hilo unalikubali?

Mizani: Nitalikubali Nyuki Jike akifuta alichosema juu ya CA yangu.

Chaki Nyeupe: Na mimi bado sijajibiwa. Nani kasema alama 5 za ushiriki hutolewa bila daftari la mahudhurio?