Koti la mtaani la Kirusi kutokana na suti ya Sokol: kata, herufi na wino

Pindo
Wakuu, kwa mkusanyo wa mavazi ya mtaani ya Kirusi nataka koti la nailoni linalotokana na suti ya wanaanga ya Sokol, lenye maandishi ya Kikirili (herufi za Kirusi) mgongoni. CCCP (kifupi cha Umoja wa Kisovieti) na uso wa Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, vimechoka, sivitaki. Nikate vipi, na wino nifanyeje usibanduke?

Sindano9
Chagua mwaka kwanza, rangi itafuata. Chungwa ni ya SK-1, suti ya Gagarin ya Aprili 1961, na hiyo chungwa ilikuwa kifuniko cha nje tu, ili aonekane upesi akishatua. Sokol ni nyeupe yenye kingo za buluu, na ilizaliwa na msiba: Juni 1971 wanaanga watatu wa chombo cha Soyuz 11 walikufa hewa ilipovuja wakati wa kurudi, hawakuwa na suti. Sokol ikaanza kuruka Septemba 1973 na Soyuz 12. Usichanganye hizo mbili.

Kata ndiyo yenye mtego. Sokol imekatwa kwa mtu aliyekaa kitini magoti yakiwa yamekunjwa, ndiyo maana wanaanga huenda kwenye roketi wameinama. Ukinakili umbo hilo, mvaaji akisimama wima kola itamvuta shingo na pindo la mbele litapanda. Sawazisha urefu wa mbele na nyuma. Mkunjo wa Sokol uweke mikononi. Ongeza sm 2 hadi 3 upande wa nje wa kiwiko, kisha uzimeze kwa vikunjo vitatu. Zipu mbili za kifuani ziunde V, lakini moja tu ifunguke hadi chini. Zote zikifunguka, kipande cha kati kinaning'inia.

Herufi_75
Kwa maandishi, tumia GOST 2.304, kiwango cha Kisovieti cha herufi za michoro ya kiufundi. Aina A, unene wa mstari ni 1/14 ya urefu wa herufi. Aina B ni 1/10. Ukidarizi, chukua B: herufi ya mm 14 ina mstari wa mm 1.4, uzi unalala vizuri. A kwa urefu huohuo ni mm 1 tu, matundu ya sindano yanakaribiana mno na nailoni inachanika kama ukingo wa stempu.

Badala ya Gagarin, ЧАЙКА (Chaika, yaani shakwe) inapendeza sana: jina la redio la Tereshkova, mwanamke wa kwanza angani, Juni 1963. Hakikisha fonti yako ina Kikirili, la sivyo Ч na Й zitatoka kwa umbo jingine katikati ya neno.

Skrini43
Plastisoli, wino wa kuchapia vitambaa vya pamba, hukaushwa kwa karibu 160 °C, na kwa joto hilo nailoni nyepesi husinyaa. Tafuta wino wa nailoni unaochanganywa na kigumishi, kwa kipimo cha mtengenezaji, na uchanganye wa kutosha kazi ya saa chache tu kwa sababu baadaye huganda koponi. Kinachobandua wino mara nyingi ni dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kwenye kitambaa. Ifute kwa spiriti mahali pa chapa.

Chapa kabla ya kushona bitana. Bitana ikishakuwa ndani, kitambaa kinateleza na rangi ya pili inakaa pembeni ya ya kwanza. Subiri saa 72, bandika selotepu juu ya chapa, ivute ghafla uone kama wino unabanduka.

Pindo
Asanteni. Ile vali ya hewa ya buluu iliyo katikati ya kifua cha Sokol, niiweke?

Sindano9
Weka, ila iwe kifungo cha kubana kinachofunga kitu kweli, na kikae ndani ya V. Ukikisogeza pembeni, mkanda wa begi utakinasa.