Mrejesho: wale majimoto kwenye mwembe

Jamani nimerudi, ni mimi niliyeuliza kuhusu majimoto (wale sisimizi wakali wanaojenga viota vya majani mitini) waliojenga kwenye mwembe dirishani na kung'ata watoto. Asanteni sana mlionizuia kupiga dawa! Jumamosi alfajiri nimekata matawi yote yaliyogusa bati, nikavaa gambuti na shati la mikono mirefu lakini shingoni walinipata, wanauma hao acheni tu. Baada ya siku mbili bado wanaingia ndani, kumbe wanapita kwenye kamba ya kuanikia nguo niliyofunga mwembeni, nimeihamisha na sasa wiki ya pili ndani hamna hata mmoja. Viota vya juu nimeviacha maana wanafukuza inzi wa matunda, na embe zangu nazipenda mno.