Naombeni ushauri: programu ya kuchora 3D isiyotegemea intaneti wala klaudi

Wakuu habari zenu. Nachora vipuri vya mashine, shafti, puli, gia na kadhalika. Programu ninayotumia kila baada ya muda inataka niingie kwenye akaunti ndo ifunguke, na faili zangu zote ziko kwenye seva zao, mtandao ukikata kazi imelala na mteja anasubiri. Nataka kitu nikishainstol kwenye laptop basi, hata nikikaa miezi bila bando kifunguke na faili ziwe kwenye diski yangu mwenyewe. Kipo kweli?

fundi_gia: FreeCAD mkuu. Bure, haina akaunti, haina leseni ya kuhuisha, Windows, Linux na Mac zote inakubali. Ila chukua toleo la 1.0 (lilitoka Novemba 2024) au la baada yake, matoleo ya nyuma yalikuwa na ugonjwa mbaya, ukirudi kubadili skechi ya mwanzo (mchoro bapa unaoanzia umbo) basi matundu na fileti (kona za mviringo) ulizoweka juu yake zinahama au zinavunjika, sasa hivi wamelipunguza sana japo halijaisha kabisa.

skechi_tu: Laptop yako ikiwa nyonge jaribu SolveSpace, ni ndogo mno, kwenye Windows ni faili moja tu unaweka hata kwenye flashi. Kwa 2D peke yake LibreCAD inatosha.

mwenye uzi: Asanteni sana, na zile kazi za zamani zilizo kwenye klaudi nahama nazo vipi?

nyundo7: Hilo ndo lifanye leo leo ndugu wakati akaunti bado iko hai. Shusha zote kwa STEP (aina ya faili ya 3D inayobeba umbo halisi), usikubali STL, aina nyingine ya faili, maana ile ni pembetatu tupu na hata yuniti haibebi, kwenye STEP tundu la milimita 8 linabaki silinda ya milimita 8. Historia ya hatua zako ndo utaipoteza, kwa hiyo toa na PDF yenye vipimo kwa kila kipuri. Michoro ya 2D hifadhi kwa faili za DXF, siyo DWG, maana kwenye FreeCAD DWG inadai programu ya pembeni ya kuigeuza.

fundi_gia: Naongezea, nyongeza za FreeCAD zinavutwa mtandaoni, zishushe zote siku una bando. Na bekapu sasa ni juu yako mkuu, tafuta diski ya nje kabla hujafunga ile akaunti.